Viti Viwili vya Mama

Hii aibu sipendi kuisimulia, lakini majirani wote wa Kalamba wanaijua, kwa hivyo heri muisikie kwangu.

Kwetu wanawake ni wanene. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa mnene, mama ni mnene, mimi nafuata. Daktari alisema ni mambo ya ukoo (akaongeza tupunguze chapati za jioni, hiyo sehemu tukajifanya hatukuisikia). Ndiyo maana mama hukalia viti viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, na nyumbani hakuna anayeshangaa.

Sasa ikafika siku ya ntheo, siku ya watu wa Mutua, mchumba wangu, kuleta mbuzi kutoka Makindu, nami nikaingiwa na hofu kwamba wakimwona mama wataona vile nitakuwa. Asubuhi nikamwambia mama, "Mwaitu, leo kalia kiti kimoja kama watu wengine."

"Kitavunjika, Mwende."

"Basi kaa jikoni kidogo, utatoka wakimaliza kula."

Akachukua kisu akaenda kukata sukuma wiki. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Wageni wakafika, nikaketi mbele yao kwenye kiti kimoja, tumbo nimelibana ndani ya rinda jipya, bakuli la supu mkononi. Mama yake Mutua akauliza mama wa hapa yuko wapi, nikasema anaangalia nyama, halafu mjomba wao akaleta mzaha, nikacheka, mguu wa kiti ukavunjika, nikaanguka chali, zipu ikapasuka hadi kiunoni na supu yote ikaishia kwa viatu vya baba mkwe.

Mama akatoka jikoni mbio (na yeye huwa hakimbii) na leso ya kunifunika na viti viwili, vimeshapangwa.

"Amka, mwanangu. Hata mimi kiti changu kilivunjika siku yangu ya ntheo. Susu wako yeye alivunja stuli."

Watu wakacheka hadi wakafuta machozi. Mama yake Mutua hakucheka.

"Kumbe huyu ndiye mama! Sasa mbona mlikuwa mnamficha?"

Mama aliendelea kunifunga leso kama hajasikia, na hapo ndipo nililia, wala si kwa sababu ya kuanguka.

Mbuzi zilipokelewa. Chapati tumepunguza, mimi na mama. Arusi ni Desemba, na mwenye kukodisha viti nimeshamwambia: mstari wa mbele kabisa, mama viwili, na hapo kando yake, mimi viwili.