Nesi wa serikali alikataa beberu wa baba, nyumbani tukaanza msiba

Wakuu salamu, walioko kwenye kiyoyozi na walioko juani kama mimi.

Mnanijua kwa chumvi. Leo nimeiweka pembeni pembeni tu, mambo yenyewe yalitokea kwetu Handeni na mhusika yuko hai anakula ugali. Shule sikukaa sana, mkikuta herufi imelala iamsheni mwendelee.

Ni enzi za ruksa. Mitumba imeshuka, hata mimi nilivaa koti la baridi la Ulaya kwenye jua linalochemsha maji ndooni.

Kaka yangu Mhina alikuwa mkata mkonge kule Korogwe. Akarudi nyumbani haongei na sisi, anaongea na watu wake ambao hatuwaoni. Siku moja akachoma ghala la mahindi, anasema ndani kuna askari wamejificha.

Baba akamfunga kwenye gogo.

Kwa wasiojua, gogo linatobolewa tundu, mguu unapitishwa, halafu kinapigiliwa kigingi usichomoke. Lile letu tembo angeomba asaidiwe kulibeba. Si kwamba tulimchukia. Mama alikuwa anamlisha kwa mkono wake. Njia nyingine hatukuijua.

Mganga wa milimani, huko Vugiri, alishakula mbuzi zetu akanenepa mpaka mlangoni anapita kwa ubavu. Mhina yuko vilevile.

Ndipo serikali ikaingia. Waliamua wagonjwa wa akili wasisafirishwe mbali kwenda hospitali kubwa, watibiwe wilayani hukohuko, na manesi wafundishwe kazi hiyo.

Wa kwetu alikuwa mama mmoja wa Kilole. Alikuja na gari la chanjo, sisi tukajua kaja kuchoma watoto.

Akaenda moja kwa moja kwenye gogo, akakaa vumbini na gauni lake jeupe.

"Mhina, umekula?"

"Mimi nimekula. Hawa wenzangu bado."

"Haya, tuanze na wewe."

Akamchoma sindano, vidonge akampa mama. Akamwambia baba, "Mzee, akitulia mfungue. Nitarudi na gari la mwezi ujao."

Baba akaleta beberu. Beberu wa haja, ndevu kama shehe.

"Hapana mzee. Dawa hii bure, serikali imeshalipa."

Na wakati ule hospitali tumeshaanza kuchangia kila kitu, ila dawa ya akili wameiacha bure.

Sasa balaa. Kwetu mganga akikataa mbuzi, maana yake ameona mgonjwa haponi, hataki kuharibu jina. Mama akajifunga kanga kiunoni akaanza kulia. Majirani wakaja na mikeka.

Mhina yuko pale kwenye gogo anaangalia watu wanavyoingia.

"Nani kafa?"

Shangazi akamjibu, "Bado."

Baba akakimbilia gari, akashika mlango.

"Mwanangu, usinifiche. Nimchimbie huyu?"

Nesi akaangalia mikeka, akaangalia beberu, akaelewa. Hakucheka, mimi ningecheka.

"Mzee, beberu namtaka. Ila kwako simchukui. Aje naye Mhina mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka hospitali."

Mama akanyamaza. Majirani wakakunja mikeka, wengine wamenuna, walishategemea pilau.

Na lile gari likarudi kweli. Masika ile matope yalimeza trekta, dereva ndani anapiga honi, lakini nesi alifika, sketi imekunjwa, viatu mkononi.

Kidogo kidogo Mhina akaacha kuongea na wale wenzake. Akaanza kuuliza habari za shamba.

Ikafika siku baba akachomoa kigingi. Sote tumesimama mbali, mimi nimeshachagua njia ya kukimbilia.

Mhina akainuka, akachechemea mpaka kwenye mtungi, akachota maji, akanywa. Kikombe akakirudisha mahali pake.

Ni hivyo tu. Mama akalia tena, safari hii hakuna aliyeleta mkeka.

Beberu Mhina alimpeleka mwenyewe hospitali. Nesi akampokea, akashika kamba kidogo, akamrudishia. "Wangu huyu. Nifugie." Leo mbuzi wote wa tarafa nzima ni wajukuu wake, bisheni.

Wakuu, mimi serikali naisema kila siku kwa ajili ya barabara. Kwa hili nainua mikono. Kaka anachomwa sindano mpaka leo, ana mke, ana watoto. Mwenye mgonjwa nyumbani amtoe ndani ampeleke zahanati. Huyo ni mgonjwa kama wa malaria.

Gogo lenyewe Mhina alilichimba katikati akafanya mzinga, akautundika porini. Nilimuuliza kwa nini hakulichoma tu.

"Nimekaa nalo vya kutosha. Zamu ya nyuki sasa, tena wao wakitaka kutoka wanatoka."

Asali yake ninayo hapa nalamba nikiandika. Watu wa Korogwe, wa Dindira huko juu, semeni na nyie: kwenu gogo liliishia wapi?