Jaji Aliyeziba Masikio

Tarehe 15 Machi 2025, Arlène Ilunga, msusi wa nywele mwenye miaka thelathini na mmoja, alifaulu mtihani wa ujaji wa ngumi za ridhaa mjini Johannesburg. Mtihani ulikuwa wa kanuni na wa video, na kwenye video hakukosea hata raundi moja. Mwenyewe hakushangaa. Kuna video ya ngumi aliyoitazama mpaka simu mbili zikamfia mkononi.

Ni ya pambano lake. Wakati huo alikuwa bondia wa Lubumbashi, na pambano lilikuwa la kufuzu Olimpiki, ugenini, dhidi ya msichana wa nchi mwenyeji. Majaji walikuwa watano, na kila mmoja alitakiwa kusema nani kashinda kila raundi. Kila mwenyeji aliporusha ngumi, hata ikiishia kwenye glovu za Arlène, ukumbi mzima ulisimama. Ngumi za Arlène zilitua kwenye kimya. Majaji watatu wakamnyima, wawili wakampa, na safari ya Olimpiki ikaishia hapo.

Wateja wake wa saluni ya Kensington, hapo Johannesburg, wanaijua hadithi hiyo. Huisimulia huku akipaka dawa ya nywele, bila uchungu, kama anayetaja bei ya kusuka.

"Ukiitazama na sauti, nimeshindwa," husema. "Ukizima sauti, nimeshinda."

Kutokana na hilo alijitungia kanuni yake. Msusi yeyote humzungushia mteja pamba kichwani ili dawa isimchome masikio. Arlène aliposhika kazi ya ujaji alianza kubeba vipande viwili vya pamba hiyo mfukoni, na kabla ya kila pambano alivisokota na kujiziba. Kwa maoni yake, jaji aliajiriwa kuona. Miezi mitano alifanya hivyo na hakuna aliyelalamika. Kura zake zilikuwa safi kiasi kwamba Leodgar Mapunda, Mtanzania anayesimamia majaji wa ligi ya ridhaa ya jiji, alimweka kati ya wawili ambao mmoja wao angepelekwa Maputo kwenye mashindano ya kanda. Kwa jaji wa ridhaa, Maputo ndiyo ngazi ya kwanza ya kupanda kuelekea viti vya Olimpiki. Mwenzake alikuwa Joël, mlinzi wa benki. Leodgar alisema ataamua baada ya fainali za Agosti.

Fainali zilifanyika katika ukumbi wa jumuiya Hillbrow. Pambano kubwa lilikuwa kati ya Najma wa Fordsburg, kona nyekundu, na Glody, kona ya buluu, binti wa Kikongo aliyezaliwa ghorofa ya kumi na moja mitaa miwili kutoka hapo. Akina mama wa kanisa la Arlène walifika wote, wamevaa vitenge sare, wakiongozwa na Mama Victorine, ambaye hakuna harusi wala msiba wa Wakongo wa Hillbrow unaofanyika bila yeye. Alipomwona Arlène kwenye kiti cha majaji alicheka kwa kuridhika.

"Leo tuko na mutu wetu pa meza," aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kutosha kusikika na upande wa Fordsburg.

Arlène alimpungia mkono, akasokota pamba.

Raundi ya kwanza akampa Glody, ya pili Najma. Ya tatu ilikuwa sawa kwa sawa mpaka mwisho kabisa, Glody alipopenyeza ngumi mbili safi, kushoto kidevuni na kulia juu yake. Mwamuzi aliruka katikati yao. Arlène akadhani anawatenganisha wasikumbatiane. Akampa Glody raundi. Kura zilipokusanywa, watatu walikuwa wa Glody, wawili wa Najma. Vitenge vikainuka kama bendera.

Dakika hiyohiyo Hashim, kocha wa Najma, alikuwa mbele ya meza ya Leodgar. Hakupiga kelele. Alisema ngumi zile mbili zilitua baada ya kengele, na kama kuna jaji aliyezihesabu, aseme. Leodgar aliwauliza majaji mmoja mmoja. Wanne walisema waliisikia kengele na hawakuzihesabu. Zamu ya Arlène ilipofika, aliomba apewe muda kidogo.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Victorine, aliyekuwa amerekodi pambano zima na tayari anawaonyesha watu.

"Ona hapa, binti yangu. Zile mbili ndizo zilimumaliza."

Arlène, pamba sasa zikiwa kiganjani, aliinamia simu. Vigelegele vilikuwa vingi, lakini kengele ilisikika vizuri. Kisha kushoto. Kisha kulia.

"Kengele ililia kwanza, Mama."

"Kengele haipigane. Glody ndiye anapigana."

"Nilizihesabu. Si zake."

Mama Victorine alizima simu na kuisukuma ndani ya kitenge. Alimwambia polepole kwamba Glody ni mtoto wao, na mtu hapokonyi mtoto wa nyumbani chakula akishakishika mdomoni.

"Hata mimi nilikuwa mtoto wenu," Arlène alisema. "Na siku yangu hakuna jaji aliyeamka pa kiti kusema alikosea."

Video haikuhitajika. Kanuni ya ligi ile inamruhusu msimamizi kufuta ngumi zilizotua baada ya kengele, ila kama zimo ndani ya kura ya jaji, anayejua ni jaji mwenyewe. Arlène alirudi mezani na kusema kura yake ya raundi ya tatu ina ngumi mbili za baada ya kengele, na kwamba bila hizo raundi ni ya Najma. Leodgar alimuuliza kengele ya ukumbi mzima ilimpitaje. Akafungua kiganja.

Leodgar alizitazama zile pamba.

"Macho umeyaleta kazini, dada," alisema, "masikio ukayaacha saluni."

Mkono wa Najma ukainuliwa. Mama Victorine alitoka na kundi lake bila kuaga, na Jumapili iliyofuata kiti chake kando ya Arlène kanisani kilibaki kitupu. Siku ile ya fainali, Glody ndiye aliyemfuata Arlène mlangoni mwa ukumbi, bado amefungwa bandeji mikononi. Kiswahili chake hukipata kwa shida. Ameshazoea Kiingereza na Kizulu, na shangazi kwake ni tantine ya Kifaransa.

"Niliisikia kengele, tantine," alisema. "Mkono ulikuwa ushatoka. Eish."

"Najua. Utakutana naye tena."

Maputo alikwenda Joël. Arlène alimsindikiza mpaka kituo cha basi na kumwagiza aangalie majaji wa huko wanakaaje, wanageuza shingo kwa nani ukumbi ukipiga kelele. Kwake mwenyewe alibadilisha jambo moja: video yake ya zamani siku hizi anaitazama ikiwa na sauti, na anajizoeza kuzitenga kelele kwa kichwa badala ya pamba. Bado anaona alishinda.

Jumamosi tarehe 6 Desemba 2025 Glody na Najma wanarudiana Fordsburg. Arlène amepangwa kiti cha nne.