Kamba ya Kona ya Mtoni

Misumari mitatu ilikuwa imepangwa kwenye kipago cha kwanza cha ngazi.

Imepangwa, jamani. Haikudondoka. Ililala sambamba, vichwa upande mmoja.

Msumari hautoki kwenye mti wenyewe ukashuka futi kumi kwenda kulala kwenye ngazi. Niliogopa, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Naitwa Mokua, fundi wa mbao hapa Keroka. Mwaka jana, mahindi yakianza kubeba, Mzee Anyona alinipigia simu. Shamba lake liko upande wa Nyamira, kando ya mto, na tumbili walikuwa wanalimaliza.

"Nijengee ulingo," alisema. "Nikae juu nijifiche, wakija niwatandike na kombeo. Lakini haraka, fundi. Wiki ijayo nitakuwa nalinda mabua."

Haraka? Hiyo ndiyo sifa yangu. Asubuhi nilikata mikaratusi palepale mtoni, jioni ulingo ukawa umesimama. Nguzo nne, sakafu ya fito, ngazi, na matawi pande zote ili tumbili wasimwone mlinzi. Mzee alipanda, akacheka kama mtoto. Watu walinisifu na mimi nikasifika.

Shamba hilo limepakana na la mama mkwe wangu, Bosibori, mjane anayesokota kamba za makonge na kuziuza soko la Daraja Mbili.

Sasa, kwetu Wakisii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake. Mimi na mama mkwe hatushikani mikono, hatuketi pamoja, hatusemezani hivi hivi. Akiwa na neno anamtumia binti yake, Eucabeth, ambaye ni mke wangu. Nikimwona njiani, napisha.

Wiki ya tatu baada ya kuujenga ndiyo Anyona aliniita nione hiyo misumari. Nikaipigilia tena, nikajifanya nacheka.

Jioni hiyo Eucabeth alimaliza kuongea na simu, akanitazama.

"Mama anasema nikwambie ulingo utaanguka."

"Utaanguka? Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ulitaka mama mkwe akuhutubie?"

Sikula vizuri. Neno kama hilo likitoka kwa mama mkwe, unalilalia nalo linakuamkia.

Kesho yake nilidamka nikaenda. Ukungu ulikuwa bado umekalia mto. Nilipofika kwenye migomba nikasimama ghafla.

Kulikuwa na mtu kwenye ngazi ya ulingo, anashuka kinyumenyume.

Bosibori. Mwanamke wa miaka karibu sabini, leso imekazwa kiunoni, juu ya ngazi!

Mkwe hatakiwi kuona kitu kama hicho. Nikageukia mgomba, nikaukodolea macho hadi nyayo zake zilipopotea. Kumwita? Kumwuliza? Chinsoni ilinifunga mdomo.

Kisha nikapanda. Kwenye kona ya upande wa mto, chini ya matawi, boriti na nguzo vilikuwa vimezungushiwa kamba. Mafundo saba, yamekazwa hadi yakauma mti.

Niliwaza uchawi, sitawaficha. Nikatoa panga, nikaikata, nikaitupa mtoni. Sikuzunguka kuangalia kona nyingine. Nilitaka tu kutoka hapo.

Kosa la pili nililifanya saa nne, kwenye kiti cha kinyozi, Keroka.

"Leo nimemkuta mama mkwe kwenye ulingo alfajiri," nikasema. "Ameacha kamba ya mafundo."

Kinyozi akazima mashine. "Weee! Huyo ni omorogi, bana."

"Mimi sijasema ni mchawi."

"Hujasema. Lakini umeona."

Nikainamisha kichwa anyoe. Nywele zikamalizwa, nikaenda zangu. Lile neno nalo likashika njia yake, likapanda hadi kijijini kabla yangu.

Alhamisi mchana simu ikalia. Nyangate, jirani yake Anyona.

"Fundi, ulingo umeenda! Mzee amevunjika mguu, amepelekwa hospitali."

"Mungu wangu. Ni mzima?"

"Ni mzima. Lakini watu wanaelekea kwa Bosibori. Harakisha. Nimeona chupa ya petroli."

Mnajua vile huwa huku mtu akiitwa mchawi. Nikikumbuka ile bodaboda, hadi leo naona haikuwa inasonga.

Njia ya kwa mama mkwe inapita shambani kwa Anyona. Nikauona ulingo, nikamshika mwenye pikipiki bega asimame.

Haukuwa umeanguka wote. Ulikuwa umepiga goti kona moja tu, ile ya mtoni. Kona tatu zilikuwa zimeshikilia, ndiyo maana mzee aliteleza badala ya kutupwa chini na sakafu nzima juu yake.

Nikapanda, nikafunua matawi ya kona ya kwanza. Kamba, mafundo saba. Ya pili, kamba. Ya tatu, kamba.

Nikatazama mti wenyewe, kwa jicho la fundi sasa. Mkaratusi ulikuwa umekauka ukapasuka, na nyufa zimepita katikati ya matundu ya misumari. Nilivuta msumari mmoja kwa vidole viwili. Ukatoka kama jino la mtoto.

Fundi yeyote anajua mti mbichi hauaminiwi kwa msumari peke yake. Unaufunga kamba. Nilijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa kazi, nikaliacha kwa sababu ya haraka na sifa.

Misumari ilikuwa inadondoka kwenye nyasi. Yule mama alikuwa anaiokota, ananipangia mahali sitakosa kuiona. Hakuweza kunifundisha kazi kwa mdomo, basi akanionyesha. Nilipokosa kuelewa akafunga mwenyewe, alfajiri, asionekane kwenye ngazi na umri ule.

Na mimi nikakata.

Nilikimbia na ule msumari mkononi. Uani kwake kulikuwa na watu kama arobaini. Bosibori alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, makonge mapajani. Chupa ilikuwa mkononi mwa Ratemo, mtu tunayeimba naye kanisani.

"Huyu hapa shahidi!" akapaza sauti. "Fundi, waambie vile uliona!"

Macho yote kwangu. Isipokuwa ya mama mkwe. Hata hapo, aliinamisha uso kwa heshima yangu.

"Nilijenga na miti mibichi," nikasema. "Kosa ni langu. Ulingo uliobaki umeshikwa na kamba zake."

"Unamtetea kwa sababu ni mkwe wako!"

"Twende ulingoni basi. Vuta msumari wowote. Ukikataa kutoka, rudi na chupa yako, uanze na mimi."

Tulienda. Ratemo akavuta mmoja, akavuta wa pili. Akaitazama kiganjani. Chupa akaiingiza ndani ya koti, na watu wakaanza kukumbuka ng'ombe wao. Hakuna aliyerudi kumwambia yule mama pole.

Jumapili Eucabeth akaniletea ujumbe.

"Mama anasema ukitengeneza ule ulingo, amesokota kamba nyingine. Ya kona ya mtoni hajui ilipotelea wapi."

Nikaingia nyumba ya nyuma, nikalia.

Kwa sababu kule uani nilikiri miti tu. Kamba sikuitaja. Kiti cha kinyozi sikukitaja. Kijiji hadi leo kinajiuliza nani alianzisha lile neno.

Ndugu zangu, kabla hujaita kitu uchawi, kagua kazi ya mikono yako. Na ukiwa na neno linalomhusu mtu, hakikisha unaweza kulisema yeye akiwepo.

Nataka kumwomba Bosibori msamaha. Lakini chinsoni ni ile ile. Hata msamaha wangu lazima upite kwa binti yake.

Eucabeth, najua unasoma ukurasa huu. Mwambie mama kamba nilikata mimi. Na lile neno lilikuwa langu.