Mistari Miwili Kabla ya Kwenda Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kitaluni, pale Magamba, nilipewa rundo la viriba na fungu la udongo. Viriba ni vile vimifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche ya miti. Nikavijaza haraka haraka, najiona fundi. Bibi Msimamizi akapita, akashika kimoja, kikajikunja kama soksi.

"Mama Neema, hiki kina njaa katikati. Shindilia."

Nikamwaga vyote, nikaanza upya. Shule yangu ni darasa la nne, lakini mikono ninayo.

Jioni, tukishanawa, akagawa kalamu. Kila mfanyakazi alikuwa na daftari lake dogo, na haondoki mtu kabla ya kuandika mistari miwili. Wa kwanza, jambo la leo la kushukuru. Wa pili, jambo ulilojifunza. Mzee Yona, mmwagiliaji wetu, akanung'unika, "Sasa tumekuwa wanafunzi?"

"Ukitaka, andika umesimama," Bibi akamjibu.

Mimi niliandika, "Asante Mungu kwa uzima." Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku moja nikampelekea Bibi Msimamizi aone mwandiko wangu ulivyonyooka. Akacheka.

"Hii hata anayelala kutwa anaweza kuandika. Leo mikono yako imeshika nini?"

Nikafikiri, nikaandika: "Mbegu za mti wa mkulo zimechomoza, tulidhani zimeoza." Na chini yake: "Kivuli kikizidi, mche unarefuka bure." Hapo ndipo nikaanza kuitazama siku yangu kabla haijapita.

Kitaluni kuna kazi inaitwa kukomaza. Unaupunguzia mche maji na kivuli kidogo kidogo kabla ya kuupeleka shambani, usije ukashtuka. Mimi msiba haukunikomaza kwanza. Baba Neema alishuka Mombo na kabichi zake, gari likapinduka kwenye kona, tukaletewa maiti.

Matanga yalipoisha nilipanda kitaluni kuacha kazi. Nilijua nikiacha, Neema na wadogo zake wanaacha shule. Nilijua, na bado nilitaka kuacha. Mwili haukutaka kuinama tena.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuaga."

"Marahaba. Utaniaga jioni. Kuna miche ya kuhamisha."

Nikahamisha miche. Jioni akanipa kalamu.

"Sina cha kushukuru," nikamwambia.

"Basi andika kwamba huna."

Nikaandika, "Leo sina." Nikangoja anikemee. Akafunga daftari taratibu, akasema, "Kesho nayo utaniaga jioni."

Ikawa hivyo. Asubuhi naenda kuaga, jioni naandika "Leo sina," narudi nyumbani bado nina kazi.

Ukaja ule ubaridi wa mwezi wa saba, vidole vinapasuka. Mzee Yona akapasha maji kwenye debe kwa vijiti vya mkaratusi, akaniita, "We mama, njoo unawe huku! Maji ya baridi waachie vyura!" Nikacheka. Halafu nikalia, mikono ndani ya debe, na yule mzee akajifanya anachochea moto. Jioni nikaandika: "Mzee Yona kanipashia maji." Mstari wa pili: "Kumbe bado naweza kucheka."

Bibi Msimamizi alikuwa mlangoni akingoja nimuage. Nikampita. "Tutaonana kesho, Bibi."

Baadaye nilihamishiwa kitalu cha Mombo, kwenye joto, chini ya Bwana Misitu mwenye kelele. Akaliona daftari. "Mama, unamwandikia nani barua za mapenzi?"

"Naiandikia siku, Bwana. Nayo hainijibu kwa makelele."

Sasa nimestaafu na bado naandika. Ninyi vijana mnaotaka kuanza, msinunue daftari la mapambo. Andika ukishanawa mikono, au ukishafungia kuku, ili usisahau. Mistari miwili inatosha, ukijaza ukurasa leo kesho utakimbia. Taja kitu chenyewe, na mtu mwenyewe. Siku ikiwa mbaya, usiidanganye karatasi.

Daftari halikunirudishia Baba Neema. Nilichopata ni asubuhi moja ya kwenda kazini, halafu nyingine, mpaka ada za shule zikaisha kulipwa. Neema sasa ni muuguzi. Akipita barabarani na sare yake nyeupe, mimi husimama katikati ya viazi vyangu na kumwita kwa sauti, njia nzima ijue huyo ni mwanangu.