Chupa Mia Mbili na Arobaini za Bute

Sikwenda Bute kutembea. Nilitumwa kumfukuza mtu kazi, na barua ya kumfukuza ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Ninyi mlio nyumbani Taita mnajua niko Garissa kwenye kampuni ya dawa za mifugo, ila sijawahi kuwaeleza kazi yenyewe. Tuna maduka matano: Garissa, Ifo, Wajir, Buna na Bute. Mimi hukaa mbele ya kompyuta nikiangalia kila duka lina nini. Programu tunayotumia, sote twaiita mfumo, huonyesha idadi ya kila dawa kwenye kila duka. Duka likiuza chupa, namba inashuka; likipokea mzigo, namba inapanda. Ni kazi ya kivulini, na niliipenda.

Mwezi huo homa ya mapafu iliingia kwenye mbuzi wa upande wa Bute. Halima, mama anayeendesha duka la huko peke yake, alinipigia simu akiomba dawa ya sindano. Nilitazama skrini nikamjibu, "Mfumo unaonyesha unazo chupa mia mbili na arobaini." Akapiga tena: amesikia mzigo wake ulishushwa Buna. Nikafungua ukurasa wa Buna. "Buna hakuna hata moja," nikamwambia. Mara ya tatu nilimjibu vilevile, naye akasema, "Basi mwambie huyo mfumo aje achome mbuzi sindano." Akakata.

Meneja wetu alipopata habari alisema Halima ameziuza ng'ambo ya mpaka, na hadithi ya Buna ni ya kujifichia. Akaandika barua. "Nenda ukahesabu," akaniambia. "Ukimaliza, mpe hii." Nami nilimwamini. Nasema hivyo msije mkadhani nilikuwa mwerevu kuliko wengine.

Jumatatu asubuhi tuliondoka Garissa kwa pikapu ya kampuni, tukauacha mto Tana mgongoni. Dereva alikuwa Dubow, mtu wa makamo ambaye amezaliwa Wajir na haongei akiwa kwenye usukani. Modogashe tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia. Baada ya Habaswein barabara ilikuwa na makovu ya mvua ya wiki zilizopita, na kando yake nikaona mizoga miwili ya mbuzi, kisha mitano. Dubow akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Huku bado ni afadhali."

Saa kumi jioni tulifika Wajir. Kwa kuwa nilikuwa pale, nikaomba kuhesabu stoo. Skrini ilisema kuna katoni kumi na mbili za dawa ya minyoo. Sikuona hata moja.

"Ziko njiani," akasema Abdirashid, mtunza stoo.

"Mfumo unasema zimeshafika."

Akacheka. "Abaayo, dada yangu, kwa mfumo mzigo unafika siku lori linapowashwa kule kwenu Garissa."

Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu yule aliyefanya hivyo nilikuwa mimi. Zamani mzigo uliokuwa njiani ulionekana kwa rangi ya manjano mpaka mwenye duka abonyeze kuwa ameupokea. Maduka ya mbali yalichelewa kubonyeza, skrini ikajaa manjano, na meneja hakupenda kuwaonyesha wakubwa skrini ya namna hiyo. Aliniamuru niweke mzigo ujipokee wenyewe pindi unapotoka. Niliweka. Nilidhani tofauti ni siku moja au mbili, na nilifurahi kuona kila kitu kimekuwa kijani.

Jumanne adhuhuri tukaingia Buna. Mzee Issack, mwenye duka letu la hapo, alinipokea kwa maji na tende, lakini sikuweza kukaa. Nilimuuliza kuhusu mzigo wa Bute. Alichukua ufunguo akanipeleka nyuma, kwenye kibanda cha mabati.

Katoni kumi zilikuwa zimepangwa ukutani. Kila moja ilikuwa na chupa ishirini na nne, na kila moja imeandikwa BUTE kwa kalamu nene.

"Wiki tatu," akasema. "Lagha, ule mkondo mkavu wa njiani, ilijaa maji, lori haikuvuka. Dereva akashusha hapa akarudi Wajir. Halima alituma gari kuchukua, mimi nikakataa."

"Ulikataa kwa nini, Mzee?"

"Kompyuta inasema sina. Nitatoaje kitu ambacho sina? Nikampigia meneja wenu. Akasema kama haiko kwenye kompyuta, haiko, na nisiguse mzigo wa watu. Nikamwambia, wallahi, nimeikalia! Wakati naongea na yeye nimekaa juu yake!"

Kwa hiyo meneja alijua. Alipigiwa simu, akaambiwa, na bado aliandika barua ile. Hasira niliyoisikia hapo sijawahi kuisikia mahali popote pa kazi. Na haikuwa ya meneja peke yake, maana mimi pia niliambiwa, tena na mwenye mali yake, nikamjibu kwa skrini.

Tulifungua katoni moja moja. Ndani ya kibanda kulikuwa na joto la tanuri. Dawa ile ikiwa nzima huwa ya manjano; kwenye katoni nne zilizokuwa juu, karibu na bati, ilikuwa imegeuka kahawia kama chai ya rangi. Tukaziweka kando, nami nikatia chupa moja mkobani. Sita tukazipakia. Mzee Issack aliuliza atabonyeza nini kwenye kompyuta. "Usibonyeze kitu," nikamwambia. "Nipe karatasi, nitaandika kwa mkono, tutie sahihi sote wawili."

Alasiri tulifika Bute. Halima alikuwa amesimama mlangoni mwa duka. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomdhania kwa sauti yake. Aliwaona Dubow na katoni, lakini mimi ndiye aliyenitazama.

"Wewe ndiye Mshai wa simu?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Umekuja kunifukuza."

Sikuwa na la kuficha. Nikatoa barua nikampa ajionee yaliyoandikwa. Aliisoma yote, polepole, kisha akairudisha ndani ya bahasha vizuri kama ilivyokuwa.

"Hapa imeandikwa mimi ni mwizi," akasema. "Watu wa hapa pia wanasema hivyo. Nilikuwa nikienda kisimani, wanawake wanaacha kuongea. Nyinyi mlisema ninayo dawa, wao wakaamini nyinyi."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Shusha dawa kwanza."

Kesho yake, kabla jua halijapanda, wafugaji walikuwa wameshajaa. Mmoja wao alikuwa mama mmoja mjane, Kaha, aliyekuja na chombo cha maziwa kisicho na kitu. Alikuwa na mbuzi thelathini na mmoja wa kukamua. Waliobaki walikuwa sita.

"Nimekuja hapa mara nne," aliniambia. "Halima alinionyesha rafu tupu. Nikamwita mwongo mbele ya watu. Kumbe mwongo ni nani?"

Nilimwambia ni sisi. Aliitikia kwa kichwa, akachukua chupa yake, kisha akamgeukia Halima wakaongea Kisomali kwa muda mrefu. Dubow hakunitafsiria, nami sikumwuliza. Niliona tu Kaha ameshika mkono wa Halima kwa mikono yake miwili.

Ijumaa jioni tulirudi Garissa. Jumamosi meneja alinisikiliza huku akiangalia simu yake, kisha akasema, "Sawa. Andika zile katoni nne zimeharibikia Bute, tufunge jambo hili."

"Zimeharibikia Buna, baada ya Mzee Issack kukuambia kwa simu," nikajibu. Nikatoka, nikaenda hadi ofisi ya mwenye kampuni, nikamwekea mezani chupa ya kahawia na karatasi yenye sahihi ya Mzee Issack. Nilimweleza pia sehemu yangu mwenyewe, bila kuipunguza.

Barua ilifutwa. Mzigo haujipokei tena. Meneja amehamishiwa ofisi nyingine, tena yenye kiyoyozi, na Halima hajaombwa radhi na yeyote ila mimi. Mbuzi ishirini na watano wa Kaha hawamo kwenye skrini yoyote. Nilichojifunza ni kwamba namba niliyoiona kutoka kitini ni habari ya kuambiwa tu, na mtu aliye mbele ya rafu tupu ndiye shahidi.

Wiki iliyopita dereva wa lori alinipigia kutoka Bute, amekasirika. "Huyu mama amenisimamisha saa nzima! Amefungua katoni zote, anatoa chupa moja moja anaziangalia juani. Mwambie abonyeze niondoke!"

"Mngoje," nikamwambia.