Mfalme Aliyemfungia Baba Yake Ngomeni

Japheth Barasa alikuwa mtu wa hofu tangu utotoni. Kwao Kimilili alimwogopa mwalimu, akaacha shule darasa la saba. Aliogopa ng'ombe wenye pembe. Na alipokuja Jeddah kuwa dereva wa nyumbani, akaanza kumwogopa kafili, mwajiri anayemdhamini mgeni nchini. Kafili wake alikuwa Turki, mfanyabiashara wa Riyadh, lakini aliyemwendesha kila siku ni babake Turki, mzee Ghazi wa mtaa wa Al-Safa, mwalimu mstaafu wa historia aliyefiwa na mkewe.

Asubuhi moja Turki alipiga simu. "Mlete Baba Riyadh leo. Mwambie ni daktari wa figo."

"Hadhir, niko tayari," akajibu Japheth. Madereva wa nyumba ile hujibu hivyo kabla hata hawajasikia wanachoagizwa.

Alipokuwa akipakia mizigo, Sellah, mfanyakazi wa ndani, akamvuta nyuma ya gari.

"Barasa, unajua unabeba nini?"

"Nguo za mzee."

"Nimeambiwa nifungashe mpaka blanketi na picha ya marehemu mkewe. Ni figo gani inapimwa na picha ya ukutani?" Akashusha sauti. "Nyumba hii inauzwa. Huko Riyadh kuna chumba kimetengenezwa, kufuli liko nje. Nimemsikia madam, mke wa Turki, akiliagiza kwa simu."

"Sellah, usiniambie mambo ya kuniua."

"Nimeshakuambia. Sasa kufa kiume."

Mzee aliketi mbele, kando ya dereva, kama kawaida yake. Walipofika pale barabara inapogawanyika, ya Waislamu ikielekea Makka na ya wengine ikizunguka mbali, Japheth Mkristo akazunguka.

"Kwa ajili yako nimeyajua majabali yote ya Hijazi," mzee akamtania, kisha akaanza hadithi, kama kila safari.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Aurangzeb, mfalme wa Wamughali kule Bara Hindi. Alitawala karibu miaka hamsini, na ufalme wake ukapanuka kuliko wa wazee wake wote. Husemwa kwamba alikuwa akishona kofia kwa mkono wake ili asile jasho la watu. Lakini ili akalie kile kiti, aliwaondoa ndugu zake, na babake mzazi akamfungia katika ngome ya Agra mpaka akafa humo.

"Na yeye akazeeka akiwaogopa wanawe," mzee akasema. "Mmoja alimwasi, mwingine yeye mwenyewe akamtia kifungoni. Aliyemfungia babake hulala jicho moja wazi."

"Baba, na yule aliyeshika ufunguo wa ngome?"

"Huyo nani amkumbuke? Mtumishi tu. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, Baba."

Wakaupanda mlima wa Taif, wakaupita mji. Japheth akapiga hesabu. Akisema, Turki atamtangaza hurubu, mfanyakazi mtoro, na kizuizi cha kwanza cha polisi kitamla. Asiposema, mzee huyu anayemwachia tende kila siku ataingia kwenye chumba kile kwa miguu yake mwenyewe, akidhani anakwenda kupimwa mkojo.

Kwenye kituo cha mafuta mzee alishuka kuswali adhuhuri. Aliporudi, alimkuta dereva amesimama nje juani, mikono kichwani.

"Baba, hakuna daktari."

Akayatoa yote, mbio mbio, Kiarabu chake kikigongana na Kiswahili. Mzee akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akaikuta picha ya mkewe ndani ya blanketi. Aliushika ukingo wa buti kwa muda mrefu, na Japheth akaona kwamba naye anaogopa.

"Geuza gari."

Turki alipopiga simu, mzee ndiye aliyepokea. "Narudi kwangu," akasema, akakata.

Kwenye kizuizi, askari aliiingiza ikama ya Japheth, kibali chake cha kuishi nchini, katika mashine yake. Japheth alingoja neno lile moja, hurubu.

"Kafili wako yuko Riyadh. Mbona unakimbilia Jeddah?"

Mzee akainama mpaka dirishani. "Kafili ni mwanangu. Na mwanangu bado ni wangu, au nimekosea?"

Askari akacheka. "Yalla, Baba, piteni."

Lakini gari halishindani na ndege ya kutoka Riyadh. Walipofika Al-Safa alasiri, Turki alikuwa amesimama langoni. Akambusu babake kichwani, kama desturi inavyotaka, kisha akamgeukia dereva.

"Wewe, halas, kazi imekwisha! Kwenu au jela, chagua."

Mzee akajitia katikati. "Sizungumzi nyumba wala Riyadh mpaka ikama yake iwe kwa jina langu. Hapa hapa langoni."

"Baba, watu wanatoka msikitini. Wanatutazama."

"Wacha watazame. Nitawaeleza na habari ya kufuli."

Turki akawatazama majirani waliokuwa wakipunguza mwendo. Akatoa simu, akaanza kuihamisha ikama.

Japheth alibaki ndani ya gari, amejifungia. Ujumbe wa serikali ulipoingia kwenye simu yake, ukimuuliza kama anamkubali kafili mpya, akausoma mara tatu bila kuthubutu kubonyeza. Sellah akagonga kioo.

"Fungua, lete hapa!" Akaipokonya simu, akabonyeza. "Sasa shuka, unitolee blanketi la mzee."