Ndoo ya Samadi katika Saruji ya Mma-Tshenolo

Kijiji kizima cha Kanye kilijua kwamba Mma-Tshenolo hana ugomvi na mtu, isipokuwa mtu huyo amkanyagie lolwapa. Ule ua wa mbele ya nyumba, wenye ukuta mfupi wa kufika magotini, alikuwa ameusiriba kwa udongo na samadi tangu alipoolewa. Aliuchora kwa vidole, majani huku na mawimbi kule, na mvua ikiufuta anaanza upya. Kuku wa jirani walijifunza kuzunguka. Siku moja mchungaji wa kanisa alikuja kuombea nyumba akaingia na viatu vyenye matope. Siku hiyo aliyehitaji kuombewa ni yeye.

Lakini magoti yana mwisho. Ya Mma-Tshenolo yalipogoma kabisa, mumewe, Rra-Tshenolo, mstaafu wa migodini ambaye hadi leo huongea kana kwamba mashine zinanguruma, akaleta lori la mawe bapa pamoja na fundi aitwaye Ditiro. Lolwapa likawa la mawe. Mke alinuna, kisha akakaa juu ya ukuta na kunyoosha miguu, akakiri kimoyomoyo kwamba starehe si dhambi.

Basi mambo yangeishia hapo, kama binti yao Tshenolo, anayefanya kazi benki huko Gaborone, asingepata mchumba. Watu wa mchumba walitoka Serowe. Walikuwa wameshatuma habari ya siku watakayokuja kuposa, na wangekaa humohumo lolwapani, wakiongozwa na shangazi wa kijana, Mma-Kelapile. Sifa za mama huyo zilifika Kanye kabla yake. Ilisemekana aliwahi kuinuka na kuondoka katika posa ya mpwa wake mwingine kwa sababu ya chungu kilichooshwa nusunusu.

"Yule ataangalia chini kabla hajaniangalia usoni," Mma-Tshenolo alimwambia mumewe. "Akiona sakafu ya hovyo, atasema mwanangu hakulelewa."

"Ataona mawe!" Rra-Tshenolo alinguruma. "Mawe yana hovyo gani?"

"Mawe hayana. Na katikati ya mawe je?"

Hapo alikuwa amesema kweli. Ditiro alijua kulaza mawe, hilo hakuna wa kumnyima, ila mianya kati yake ilikuwa bado wazi. Mianya ilisubiri saruji, na saruji ilimsubiri Mma-Tshenolo achague rangi.

Ditiro alimkorogea vionjo, akavipaka juu ya kipande cha bati.

"Hii kijivu, Mma, ndiyo wanayopenda watu wengi."

"Wengi wapi? Makaburini? Unataka wageni wangu wakae juu ya marehemu?"

"Basi nyeusi. Nyeusi inaficha uchafu."

"Uchafu wa nani?"

Ditiro akasogea kwenye nyekundu. Nyekundu ilipendeza sana ikiwa mbichi, hata Mma-Tshenolo akatabasamu. Kesho yake ilikuwa imekauka na kupauka.

"Rangi ya ulimi wa mgonjwa," alisema.

"Mma, ndiyo niliyoweka nyumbani kwangu," alijibu Ditiro kwa uchungu.

"Pole. Mkeo anasemaje?"

"Hajasema. Aliondoka." Ditiro akatupa kipande cha bati. "Hebu niambie, unataka rangi gani hasa?"

Aliitaka rangi aliyoijua maisha yake yote, hudhurungi yenye ukijani kwa mbali, ile inayokuja siku ya pili baada ya kusiriba. Alimweleza. Ditiro akatikisa kichwa, akasema rangi hiyo hakuna duka linaloiuza, atajaribu kahawia, na kama kahawia nayo ni ya mgonjwa basi waite daktari.

Siku ya kujaza mianya alichanganya toroli zima la saruji, mchanga na unga wa kahawia, akaitwa ndani kunywa chai na maandazi. Kule ndani Rra-Tshenolo alimshika kwa hadithi za migodini, na anayeshikwa na hadithi hizo haachiwi upesi. Mma-Tshenolo akachukua ndoo, akaenda zizini kwa jirani. Aliporudi alimimina alichokuja nacho kwenye toroli, akakoroga kwa koleo mpaka rangi ikamjia kama mtu anayemfahamu. Miaka yote samadi ndiyo iliyomshikia udongo usipasuke. Kwa nini isimshikie saruji? Swali lilikuwa zuri. Balaa lilikuwa kwenye jibu.

Ditiro alitoka akijifuta mafuta mdomoni, akasimama mbele ya toroli.

"Jamani! Mnaiona rangi hii? Wengine wanazaliwa na mikono, wengine tunabarikiwa mikono!"

Akapiga magoti, akasukuma mchanganyiko mianyani kwa mwiko mwembamba, akaulainisha kwa kipande cha bomba, huku akipiga mluzi. Mara akanusa. "Ng'ombe wa nani wamepita hapa?"

"Kanye ina ng'ombe wengi, Rra," Mma-Tshenolo alimjibu fundi, akiangalia mlimani.

Aliachiwa agizo la kuinywesha saruji maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Aliinywesha kwa mapenzi yote. Kila ilipokunywa ililainika zaidi. Alibonyeza kwa kidole gumba, kikazama. Siku moja kabla ya posa kilizama mpaka kwenye kucha, na hapo hofu ikamshika kweli. Ditiro akaitwa. Alilaumu saruji, akalaumu mchanga, akalaumu hali ya hewa, na alikuwa anakaribia kuilaumu serikali Mma-Tshenolo aliposhindwa kuvumilia.

"Niliweka samadi."

Ditiro alikaa ukutani taratibu. "Mma, umeilisha saruji mavi?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Ndoo."

Kuikwangua na kujaza upya isingewezekana kabla ya wageni. Rra-Tshenolo akatoa amri nyumba yote isikie: "Tandikeni mikeka! Sakafu isionekane!" Mikeka ikatandikwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Wageni waliingia asubuhi na mapema, wanawake wakiwa wamejifunika mablanketi yao ya heshima. Kwa desturi mama wa binti hukaa jikoni, akiwaachia wajomba mazungumzo. Mma-Tshenolo akachungulia dirishani. Aliona Mma-Kelapile, mwanamke mpana mwenye gauni jipya la rangi ya krimu, akitazama mkeka, kisha akiukunja kwa mguu na kuusukuma pembeni.

"Tumekuja kuomba kibuyu cha maji," alisema, kama wanavyosema wanaokuja kuposa. "Aombaye hakalii mkeka wa watu." Akashuka mzimamzima, akanyoosha miguu juu ya mawe, na wenzake wote wakafuata.

Mma-Tshenolo akafumba macho.

Wajomba waliongea kwa muda mrefu, kama wajomba wanavyopenda. Katikati ya maneno Mma-Kelapile akaanza kusogea, akajiegemeza upande, akachokoa mwanya kwa kidole, akakipeleka puani.

"Subirini," alisema, akiwakatiza wajomba. "Nani amechanganya samadi na saruji?"

"Fundi!" alipaza sauti Rra-Tshenolo. "Fundi wetu ni mjinga sana!"

Ditiro, aliyekuwa nje ya ukuta akijifanya mpita njia, aliinamisha kichwa. Mma-Tshenolo hakuweza kulibeba hilo. Alitoka jikoni na aproni yake, akasimama mbele ya watu wasiopaswa hata kumwona.

"Si fundi. Ni mimi. Nilitaka binti yangu aombwe kwenye lolwapa, si kwenye mawe kama ya ukumbi wa benki. Nimeharibu, na aibu ni yangu, si yake. Yeye anajua kufanya kazi."

Mma-Kelapile akajisukuma kwa mikono yote miwili, akainuka, akageuka kuangalia nyuma yake. Gauni la krimu lilikuwa limechorwa mistari ya hudhurungi kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, kila jiwe na mpaka wake. Mmoja wa wajomba alibana pua asicheke, akatoa sauti ya mbuzi.

Yule mama aliitazama mistari kwa makini, akaigusa.

"Nikirudi Serowe nimechorwa hivi," alisema, "wataniuliza nimetoka kwa nani. Niseme nini? Kwamba nilikaa kwa watu mpaka wakanisiriba, halafu nikarudi mikono mitupu? Haiwezekani! Wajomba, acheni hotuba. Tupeni mtoto."

Akaketi tena palepale, akapigapiga jiwe la pembeni yake.

Mma-Tshenolo alikuwa amevaa gauni lake la buluu alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mama wa binti akainama, magoti yakilia, akashuka chini akakaa bega kwa bega na mgeni wake, na akaisikia saruji mbichi ikimshika.